Jua Nalo Lina Makosa Yake

Nilikuwa na miaka 17 nilipoambiwa methali ambayo nimeichukia tangu siku hiyo. Tulikuwa tumemaliza shimo la 18 kwenye mchujo wa timu ya vijana, na mpira wangu wa mwisho ulikuwa umekwenda kulia, kama ulivyokuwa ukienda kulia tangu asubuhi. Nilimwambia kocha, kwa sauti ya chini, kwamba nadhani fimbo zangu zina tatizo. Akawageukia wazee waliokuwa wamekaa barazani na soda zao, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote: "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Wazee wakacheka. Na mimi nikacheka, maana binti wa miaka 17 akichekwa na watu wazima afanye nini kingine?

Nafasi zilikuwa nne. Nilishika ya sita, mikwaju mitatu nyuma ya msichana wa nne. Nilirudi nyumbani na begi begani nikiamini kwamba mwili wangu una kasoro.

Sasa nina miaka 26, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika uhandisi mitambo, na zile fimbo nimezipima. Jua lilikuwa na makosa.

Makala hii ni ya fimbo za gofu, na najua tayari nusu yenu mnatafuta mlango. Kaeni kidogo. Hoja yangu inaanzia gofu lakini haiishii huko. Inamhusu kila mtu aliyewahi kupewa kifaa kisichomtosha kisha akalaumiwa kwa namna alivyokitumia.

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Chukua fimbo ya chuma, ikalishe kwenye nyasi kama unayetaka kupiga. Mpini unapanda kutoka chini kuja mikononi mwako kwa mshazari. Pembe kati ya mpini huo na ardhi ndiyo ninayoiita pembe ya ulalo. Kwa fimbo namba 7 ya kiwandani huwa ni karibu nyuzi 62, na urefu wake, kwa seti za wanaume, ni kama inchi 37. Seti za wanawake kwa kawaida hukatwa fupi kwa inchi moja.

Ulalo ukikufaa, chini ya kichwa cha fimbo hugusa nyasi sawasawa wakati wa kupiga. Mikono yako ikifika juu kuliko fimbo ilivyotarajia, mpini husimama zaidi, kisigino cha fimbo huinuka, na ncha huchimba udongo. Mikono ikifika chini zaidi, kinyume chake hutokea: ncha huinuka, kisigino hukwaruza.

Hapo ndipo wengi husema, basi kuna nini? Kunyanyuka kidogo tu. Shida ni kwamba uso wa fimbo ya chuma haukusimama wima. Umelazwa nyuma ili mpira upae. Chukua sahani, ishike wima mbele yako, kisha ilaze nyuma kidogo kana kwamba unaionyesha dari. Sasa inamishe upande mmoja. Utaona haitazami tena mbele, inatazama pembeni. Ndivyo uso wa fimbo unavyofanya. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, ncha ikiinama, uso hutazama kulia. Kisigino kikiinama, hutazama kushoto. Unaweza kupiga mkwaju safi kama wa mtu aliyezaliwa uwanjani, na mpira ukaenda pasipotakiwa kwa sababu fimbo ilikuwa inatazama huko.

Na kadiri uso unavyolala zaidi, ndivyo kosa linavyokua. Hesabu yake ni ya kidato cha nne: tanjiti ya pembe ya uso mara saini ya kosa la ulalo. Nilipopima fimbo zangu za zamani, kosa la ulalo lilikuwa nyuzi 3. Kwa namba 7 yenye uso wa nyuzi 34, hilo linageuza uelekeo kwa nyuzi 2 hivi, yaani zaidi ya mita 4 kulia ukipiga mita 120. Kwa weji, ile fimbo ya karibu na shimo yenye uso wa nyuzi 56, linageuza kwa zaidi ya nyuzi 4, yaani zaidi ya mita 5 kulia hata kama unapiga mita 70 tu. Kwa draiva, ambayo uso wake umelala nyuzi 10 hivi, ni nusu ya nyuzi. Karibu hakuna kitu.

Soma tena hizo namba. Mtu mwenye fimbo zisizomfaa ataanza shimo vizuri, kisha atazidi kupotea kadiri anavyolikaribia bendera. Mtazamaji ataona nini? Ataona mtu anayekosa utulivu. Kocha wangu aliona hivyohivyo. "Ukifika karibu unaogopa," aliniambia kwa miaka miwili. Nilinunua hata kitabu cha kujiamini.

Mimi nina urefu wa sentimita 181. Nilipoanza gofu nikiwa na miaka 14, tayari nilikuwa mrefu kuliko kocha. Lakini mimi ni msichana, na klabu ilikuwa na seti mbili za msaada: moja imeandikwa ya wanaume, nyingine ya wanawake. Hakuna aliyeuliza. Nilipewa ya wanawake, kama vile sare hutolewa kwa jinsia na si kwa mabega. Fimbo zile zilinipungukia inchi moja na nusu. Nilijikunja ili nizifikie. Mgongo ulianza kuuma mwaka wa pili, na nikaambiwa nifanye mazoezi ya tumbo.

Mwili wa kijana una utii wa kutisha. Ukipewa fimbo inayotazama kulia, baada ya miezi michache unajifunza kulenga kushoto. Baadaye unajifunza kuivuta mikono kushoto dakika ya mwisho. Halafu siku ya mchujo, mikono ikiwa na baridi na wazee wakiwa barazani, unasahau kudanganya, unapiga sawasawa jinsi ulivyofundishwa, na mpira unakwenda kulia. Nilikuwa na mikwaju miwili ndani ya mwili mmoja: ule niliofundishwa na ule wa kuidanganya fimbo. Hakuna anayeweza kuwa mtulivu akiwa na miwili.

Sasa niwajibu wanaosema kwamba kiwango ni kiwango, na wachezaji wakubwa wote waliinukia na fimbo za kawaida.

Kiwango ni cha nani? Zamani mpini wa fimbo ya gofu ulikuwa wa mti, na fundi aliyeuchonga aliweza kuupunguza au kuuacha kulingana na aliyekuja kuununua. R&A, chombo cha Scotland kinachosimamia sheria za gofu pamoja na kile cha Marekani, iliruhusu mipini ya chuma mwaka 1929. Chuma kilileta seti za kiwandani zinazofanana, na seti zinazofanana zinahitaji mtu wa kufananisha nazo. Aliyechaguliwa alikuwa mteja mkubwa wa viwanda hivyo: mwanamume wa kimo cha kati wa nchi zao. Si kosa lake, wala si njama. Kiwanda lazima kikate mahali fulani. Lakini mahali pa kukatia si amri ya Mungu.

Viwanda vyenyewe vilishalijua hilo. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyewahi kufanya kazi General Electric, alianzisha kampuni ya PING mwaka 1959. Mwaka 1972 kampuni hiyo ilianza kutumia chati ya rangi: mchezaji anapimwa urefu wake na umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, kisha anapewa fimbo zenye nukta ya rangi inayolingana na mwili wake. Nyeusi ni ya kawaida, buluu imesimama zaidi, nyekundu imelala zaidi. Yaani zaidi ya miaka 25 kabla sijazaliwa, mtu alishaweka kwenye karatasi jibu la swali nililochekewa barazani.

Na anayetaka mfano wa bingwa, namtajia Bryson DeChambeau, aliyesomea fizikia. Fimbo zake zote za chuma zina urefu mmoja, karibu na ule wa namba 7, wakati kwa kawaida kila namba hupishana na inayofuata kwa nusu inchi. Walimcheka pia. Alishinda US Open mwaka 2020, akashinda tena 2024. Sisemi kila mtu acheze kama yeye. Mimi sichezi hivyo. Nasema huyo ni mtu aliyekataa kuamini kwamba aliyekata fimbo kiwandani anaujua mwili wake kuliko yeye, na sheria za mchezo hazikumzuia. Sheria hukataza kubadilisha fimbo kwa makusudi ukiwa katikati ya raundi. Kabla ya raundi, chuma ni chako, kunja.

Wapo wanaosema: kupimiwa ni kwa mabingwa, anayeanza bado hajatulia, mkwaju wake utabadilika, subiri kwanza. Hoja hii ina chembe ya ukweli, na sitaificha. Mkwaju wa anayeanza hubadilika kweli, na kukimbilia kukunja fimbo kila mwezi ni ujinga. Lakini urefu wa mikono yangu haukusubiri mkwaju utulie. Kocha angeweza kujua siku ya kwanza, kwa futi ya fundi cherehani, kwamba fimbo ile ni fupi mno. Tena bingwa ana uwezo wa kuishinda fimbo mbaya. Ana saa elfu za mazoezi na mtu wa kumwangalia. Anayeanza hana chochote ila kile anachoambiwa na mpira. Ukimpa fimbo inayodanganya, umempa mwalimu mwongo, na huyo ndiye atakayekuwa naye kila siku kocha akishaenda nyumbani.

Bibi yangu analima mahindi na mbaazi huko Babati. Hajawahi kuona gofu ila kwenye simu yangu, na aliuliza kwa nini watu wazima wanakimbizana na yai. Lakini bibi ana jembe lake, na hakuna anayeruhusiwa kulitumia. Mpini mpya ukiletwa, anausimamisha ubavuni, anaushika, anauinua kama anayelima hewa, kisha anamwonyesha fundi pa kukata. Halafu anatazama jinsi jembe lilivyokaa kwenye mpini. Likiwa limefumba sana, anasema litazama na kumchosha. Likiwa limefunguka sana, litateleza juu ya udongo. Hapo kuna urefu na hapo kuna pembe. Ni somo lilelile, na hakulipata chuoni. Mimi tasnifu yangu inahusu mipini ya majembe ya mkono, na kila nikikaa na takwimu za vimo na migongo namkumbuka yeye akimrudisha fundi mara ya tatu: "Babangu, kata kidogo tena. Mimi ndiye nitakayelima, si wewe."

Hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwambia bibi yangu kwamba anasingizia mpini.

Sasa kuhusu ile methali. Nilipokuwa nasoma juu ya kilimo cha mseto kwa ajili ya tasnifu, nilikutana na jambo lililonifanya nifunge kompyuta nikacheke peke yangu maktaba. Mbaazi ni mmea unaosikiliza urefu wa mchana. Mbegu nyingi za asili hutoa maua siku zinapokuwa fupi. Ukizihamishia mahali ambapo mchana ni mrefu au joto haliwafai, maua huchelewa sana, au msimu unapita bila maua ya maana. Watafiti wa mbegu wamefanya kazi kubwa kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo mbaazi ukikosa maua na ukasingizia jua, kuna uwezekano mkubwa kwamba mbaazi unasema kweli. Mkulima anayejua kazi yake haucheki. Anauliza mbegu hii imetoka wapi na imepandwa lini.

Siipingi methali kwa sababu visingizio havipo. Vipo. Nimewaona watu wanaonunua draiva mpya kila mwaka wakati tatizo lao ni kwamba hawafanyi mazoezi. Lakini angalia methali hii hutumiwa na nani dhidi ya nani. Mwanachama mwenye fedha akisema fimbo hazimfai, hupelekwa kupimwa, Nairobi au Dubai, na akirudi tunamsifu kwamba ni mtu makini. Mtoto wa kedi akisema hivyohivyo, anasingizia jua. Neno moja, midomo miwili, hukumu mbili.

Na hapa nakutana na hoja nzito kuliko zote, ile niliyotupiwa na rafiki yangu wa chumba kimoja bwenini: "Nchi hii kuna watoto wanakaa sakafuni darasani, na wewe unalilia nyuzi tatu za fimbo ya gofu?" Alinisimamisha. Nilikaa na swali hilo siku kadhaa.

Jibu langu ni kwamba gofu tayari ipo, na watoto wa makedi tayari wanaicheza. Swali ni nani ndani ya mchezo huo anapata haki ya kupimwa. Anayenunua hupimwa. Anayepewa huambiwa ashukuru. Fimbo za msaada huja kwenye mabegi kutoka kwa watu waliostaafu au waliofariki, na hugawiwa kama mitumba inavyomwagwa, kila mmoja ashike kitakachomwangukia mkononi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo; angalau nguo ya mtumba ikikubana, hakuna anayesema una mwili mbaya, unaipeleka kwa fundi cherehani mtaani anaipunguza au anaiachia pindo. Fimbo ya mtumba ikikubana, unaambiwa huna kipaji. Na huo ndio uhusiano wake na watoto wanaokaa sakafuni. Wao nao huandikwa kwenye ripoti kwamba mwandiko wao ni mbaya.

Isitoshe, jambo hili si la gharama. Niwaeleze mimi lilinigharimu nini.

Mwaka jana nilinunua seti iliyotumika ya wanaume, ya chuma cha kufuliwa, kutoka kwa mzee aliyeacha kucheza. Nilizitia kwenye salfeti ya mchele, nikapanda basi la asubuhi kutoka Arusha kwenda Nairobi. Pale Namanga afisa alifungua salfeti akaniuliza, "Hizi ni za kumpiga nani?" Nikamwambia ni za kupimwa. Akaniangalia kama mtu anayehitaji kupimwa mwenyewe.

Fundi niliyekwenda kwake alianza na futi. Nikasimama na viatu vyangu vya kuchezea, mikono imening'inia, akapima kutoka kwenye mkunjo wa kifundo hadi sakafuni. Kisha akachukua kalamu nene ya wino, akachora mstari wima kwenye mpira, akaugeuza mstari utazame uso wa fimbo, akaniambia nipige. Wino ulibaki kwenye uso wa chuma. "Mstari ukisimama sawa dhidi ya mifereji, fimbo inakufaa," akasema. "Juu ukiegemea ncha, imesimama mno. Ukiegemea kisigino, imelala mno." Wangu ulikuwa umeegemea kisigino kama mlevi kwenye ukuta. Nilikuwa nimechukua pia ile namba 7 ya zamani ya klabu. Tukaijaribu. Ikaegemea zaidi. Hapo ndipo zile nyuzi 3 nilizozitaja zilipopatikana. Tena nyuzi 3 ndizo zilizobaki baada ya mimi kujikunja. Zilizosalia zilikuwa zimelipwa na mgongo.

Akaongeza nusu inchi kwenye mwisho wa kila mpini, kwa kipande kidogo na gundi. Alinieleza kwamba mafundi huhesabu nusu inchi ya urefu kuwa karibu sawa na nyuzi moja ya ulalo, kwa hiyo nyongeza ile ilikuwa imeshafanya sehemu ya kazi. Zilizobaki akazikunja. Alibana kichwa kwenye jiliwa, akaingiza wenzo shingoni mwa fimbo, akavuta taratibu, akapima, akavuta tena. Chuma cha kufuliwa hutii. Cha kumiminwa ni kigumu, na mafundi wengi hawapendi kukipeleka zaidi ya nyuzi mbili hivi kwa kuogopa kukivunja. Kazi yote ilimalizika kabla ya chakula cha mchana. Nauli ya basi ndiyo iliyoniuma.

Nikirudi sikugeuka kuwa bingwa. Nawaambia hili kwa sababu wanaouza fimbo wanapenda kusimulia miujiza. Mwezi wa kwanza nilipiga vibaya kuliko zamani. Kila mpira ulikwenda kushoto, maana mikono yangu ilikuwa bado inaidanganya fimbo ambayo haikuhitaji tena kudanganywa. Ilibidi niusahau uongo wa miaka kumi na miwili, na mwili hausahau kwa amri. Mwezi wa tatu nilipiga weji ya mita 70, ikaenda moja kwa moja ikalala karibu na bendera, na nikakaa chini kwenye nyasi. Aliyekuwa nyuma yangu alidhani nimeumia.

Nililia kwa hasira. Huenda siku ile ya mchujo ningekuwa wa sita hata kwa fimbo sahihi. Yule msichana wa nne alikuwa mzuri, na sitaki kumpokonya nafasi yake kwa makala. Lakini sitajua kamwe. Walichoninyima ni haki ya kukosea mwenyewe, nikajua kwamba hili ni kosa langu, nikalirekebisha. Wenzangu wawili wa kundi lile waliacha gofu kabisa. Mmoja alikuwa mfupi, amepewa fimbo za mtu mrefu, na mipira yake yote ilikwenda kushoto. Tulimtania kwa hilo. Mimi nilimtania.

Mjomba wangu, aliyekuwa kedi kwa miaka mingi na ndiye aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza, hakukubaliana na mimi hata kidogo. "Shikamoo mjomba," nilimsalimu nilipofika na fimbo zangu mpya. "Marahaba. Nasikia umekwenda hadi Kenya kupinda vyuma." Yeye alijifunza kwa fimbo moja tu, namba 7 iliyoachwa na mwanachama, akawa anapiga nayo kila kitu. "Mbona sisi tulicheza hivyohivyo na tukashinda?"

Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu. Nilimwambia, mjomba, waliobaki ndio wanaosimulia. Makedi wangapi walianza na wewe? Akawataja kwa vidole, wengi. Wangapi bado wanacheza? Akanyamaza. Nikamwomba nichore mstari kwenye mpira wake. Akapiga kwa namba 7 yake ileile, mkwaju mzuri wenye kakono ka ajabu mwishoni ambako uwanja mzima unakajua, kale tulikokaita mtindo wa mjomba. Tukatazama wino. Ulikuwa umeegemea ncha. Alikuwa ameitumikia ile fimbo kwa miaka thelathini, na mtindo wake ulikuwa ni njia ya kuizuia isimpeleke kushoto. Aliufuta mstari kwa kidole gumba, akairudisha fimbo kwenye begi, akasema chai itapoa.

Basi ninachodai ni hiki. Kila klabu yenye programu ya vijana iwe na futi moja, kalamu moja ya wino, na kitabu cha kuandikia vimo vya watoto, virudiwe kupimwa kila muhula kwa sababu watoto hukua. Fimbo za msaada zipangwe kwa urefu zikifika, na zisigawiwe kwa kuangalia nani ni msichana na nani ni mvulana. Chama cha gofu kinunue mashine moja ya kukunjia, moja tu kwa kuanzia, na kimfundishe fundi mmoja; tuna mafundi vyuma wanaotengeneza mageti yenye maua, hawatashindwa na shingo ya fimbo. Na kocha, kabla hujamwambia mtoto neno lolote kuhusu mwili wake au moyo wake, pima kwanza kile ulichomshikisha. Ukikuta kinamtosha, hapo una ruhusa ya kumkaripia, na mimi nitakaa barazani nikuunge mkono.

Wiki moja baada ya siku ile ya wino, mjomba alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Hakusalimia kwa kirefu. Alisema kuna kijana mpya, mtoto wa kedi mwenzake, amepewa fimbo jana na anazika ncha kila akipiga.

"Ile kalamu yako," akasema, "unayo?"